Dumu la Njia

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zangu zote za usukani, lori langu liliishiwa dizeli pale Naliendele, mlangoni mwa mji wa Mtwara, likiwa limembeba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Nami ndiye niliyekuwa dereva mwenye sifa ya kuokoa mafuta kuliko madereva wote wa kampuni yetu. Mambo hayo mawili yalimpata mtu mmoja, mwanangu, na moja lilizaa lingine. Ngoja nirudi nyuma nikueleze kwa utaratibu, maana kisa cha namna hii kikielezwa kwa pupa kinabaki kilio tu, na mimi sikukuita ili ulie nami.

Nimekuita kwa sababu umeanza kazi. Umeniambia lori ulilopewa lina chombo kinachopiga kelele ukizidisha mwendo, na kwamba watu wa ofisini, wakiwa wamekaa kwenye viti vyao, wanaona umekanyaga mafuta kiasi gani. Umesema pia kuna zawadi kwa dereva atakayetumia mafuta kidogo kuliko wenzake. Hilo ulilisema kwa furaha. Nikanyamaza, ukadhani sikusikia. Nilisikia.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa kijana, dereva wa kampuni ya umma iliyosafirisha mazao ya mkoa huu. Baba yangu alikuja kutoka upande wa Songea kufanya kazi bandarini, akanizaa hapahapa. Tulipeleka vijijini majembe, sukari na sabuni za duka la kijiji, tukarudi na korosho na mpunga. Dizeli ilikuwa ya shida. Mvua zikianza, barabara ya Dar es Salaam ilikatika, meli nazo zilikuja zikitaka, na mkoa mzima ukakaa ukisubiri kama abiria aliyekalia mzigo wake. Kwa hiyo kila safari ilipimiwa mafuta yake. Geji za mafuta za malori yetu zilikuwa zimekufa zamani. Tangi tulilipima kwa kijiti cha mwanzi kilichokatwa alama. Karani wa mafuta alikitumbukiza asubuhi unapotoka, akakitumbukiza tena ukirudi, na kilichobaki kilitangazwa kwenye kikao cha Ijumaa mbele ya wote.

Aliyenifundisha gari ni Mzee Nalinga, Mmakonde wa Newala, dereva mkuu wa kampuni. Vijana walimwita Nkulungwa, yaani mkubwa kwa lugha yao, naye alikuwa mkubwa kweli, wa umri na wa kimya. Alikaa kando yangu amefumba macho, ukadhani kalala, kisha akasema, "Gia hiyo imechoka, ipokee." Alinifundisha kupandisha gia kabla injini haijapiga kelele. Alinifundisha kuondoa mguu mapema nionapo kona, badala ya kuikimbilia na kuikanyagia breki. Mlima niuchukue kwa mwendo niliotoka nao tambarare, nisiuanze kwa kubembeleza. "Kila ukikanyaga breki," alisema, "umemwaga dizeli uliyokwisha kuichoma." Maneno hayo ni ya kweli hata kwa gari lako lenye kompyuta. Yashike.

Nikayashika kupita kiasi. Kijana akijua jambo moja vizuri hudhani amejua yote. Nilianza kuendesha kwa mwendo wa kubana, mshale wa mwendo ukiwa palepale safari nzima, waendesha baiskeli wakinipita na kunipungia mkono kama wanaoaga maiti. Lakini kijiti cha jioni kilinisifu. Wenzangu wakanipa jina, Ngamia.

"Ngamia, leo umekunywa wapi?" mmoja alinipokea getini.

"Huyo hanywi," mwingine akajibu. "Akinusa kizibo tu, anafika Masasi."

"Afike lini? Korosho zitaota majani humohumo kwenye magunia!"

Walicheka, nami nilicheka nao, kwa sababu Ijumaa jina langu ndilo lililosomwa kwanza. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikulitia maji tembo langu, mwanangu. Nililikaza mpaka likawa halinyweki.

Sasa nikueleze habari ya dumu, maana ndiyo kiini cha maneno yangu.

Chini ya bodi ya kila lori, nyuma ya gurudumu la akiba, palifungwa dumu moja kwa mpira wa tyubu. Madereva wakubwa waliliita dumu la njia. Ukiwa unarudi umebakiza kidogo, ulisimama kabla ya kufika mjini, ukalijazia dumu lako, ndipo ukaingia getini kupimwa. Dizeli ile haikuwa yako. Dereva aliyeiuza au kuwashia taa nyumbani kwake alitengwa na wenzake, hakuna aliyekula naye. Ilikuwa mali ya njia: ya mwenzako aliyekwama, ya siku daraja limekwenda na maji ukalazimika kuzunguka, ya jambo lolote ambalo Mungu anaweza kuliweka mbele ya gari. Kwenye karatasi za kampuni haikuwapo. Kila dereva aliijua na kila dereva aliinyamazia.

Mimi jambo lile liliniwasha. Wakati ule tulihubiriwa kila siku juu ya mali ya umma, na nilikuwa nimesoma hadi darasa la nane, napenda hotuba. Niliamini kwa moyo mweupe kwamba dizeli isiyopimwa ni dizeli iliyoibwa. Na chini ya imani hiyo, nikikuambia kweli, palikuwa na hesabu nyingine: dumu langu likimiminwa kwenye tangi, kijiti kingepanda alama moja zaidi.

Ijumaa moja nikasimama kikaoni na dumu mkononi. Nikasema, "Ndugu Meneja, haya ni mafuta ya wananchi. Yamekuwa yakizunguka mkoa mzima bila kujulikana. Mimi nayarudisha."

Meneja, mtu mwema aliyeletwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alifurahi sana. Alisema nina uchungu na mali ya umma. Akaagiza madumu yote yafunguliwe siku hiyohiyo, yamwagwe kwenye pipa la ghala na yahesabiwe. Pipa lilipojaa, alipiga hesabu yake kama meneja yeyote ambavyo angepiga: ikiwa watu hawa wamekuwa wakibakiza kiasi hiki, basi wanapewa mengi mno. Wiki iliyofuata mgao wa kila safari ulipunguzwa. Ulipunguzwa ukafanywa sawasawa na mwendo wangu mimi, mwendo wa Ngamia. Hakuna aliyecheka tena getini.

Mzee Nalinga aliniita pembeni, kwenye karakana, alipokuwa akinawa mikono kwa mchanga na majani ya mpapai. Hakupandisha sauti.

"Kastori," akasema, "mama zetu kule juu Newala hushuka bondeni kufuata maji. Unajua?"

"Najua, Mzee."

"Mwanamke akipanda mlima mbio, maji yanamwagika. Akijikokota, watoto wanalala na kiu. Kwa hiyo kila mmoja ana mwendo wake, ameufundishwa na mama yake. Sasa, njiani akimkuta mtu ameanguka kwa kiu, humteremshia mtungi akampa kata moja. Umewahi kusikia mume amemwuliza mkewe kata ile imekwenda wapi?"

"Sijasikia."

"Hujasikia. Maana kila mume anajua kwamba kesho anayeanguka njiani atakuwa mama yake." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Umeichukua akiba ya njia, umeipeleka ofisini. Ofisi haina njia, kijana. Ofisi haikwami."

Nilimjibu, Mungu anisamehe, kwamba mambo yale yalikuwa ya zamani, na kwamba nchi inajengwa kwa mahesabu. Aliokota kofia yake. Kisha akasema, "Haya. Mwenda pole hajikwai. Lakini usije ukadhani kila aendaye pole anafika." Akarudi kwenye gari lake.

Nadhani sasa waona mambo yalivyokuwa. Magari yote hayana dumu; mgao unatosha kwenda na kurudi kwa mwendo mmoja tu, mwendo wa kubana; na aliyeyafanya yote hayo anapigiwa makofi kila Ijumaa.

Msimu wa korosho ukafika, mawingu ya mvua ya kwanza yakiwa yameshaanza kukaa upande wa mto. Nikatumwa Kitaya, kijiji kilicho ukingoni mwa Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Niliondoka alfajiri, nikafika salama, nikashusha majembe, wanakijiji wakapakia korosho. Tulikuwa tunafunga turubai alipokuja Mwenyekiti wa kijiji anakimbia, na nyuma yake watu wanne wamebeba kitanda cha kamba.

Juu ya kitanda alikuwa Rosa. Sikumjua kabla ya hapo. Nilimfahamu mumewe, Atanasi, ambaye wazazi wake walivuka kutoka ng'ambo wakati wa vita, naye ndiye aliyekuwa akinipangia magunia vizuri kuliko wote. Rosa alikuwa na uchungu tangu juzi yake. Mganga wa zahanati alikuwa ameshasema wazi: mtoto amekaa vibaya, hapa hatoki, apelekwe hospitali ya mkoa. Pembeni ya kitanda alitembea mkunga wa kijiji, Bibi Anjelina, mwanamke mwembamba mwenye ndonya ya zamani, pambo la Kimakonde, kwenye mdomo wa juu, ameshika mkono wa Rosa.

"Ndugu dereva," Mwenyekiti akasema, "gari ni lako leo."

Nikachukua kijiti cha garini, nikafungua tangi, nikapima. Nikapima tena. Kisha nikamwambia Mwenyekiti kwamba mzigo ule ukibaki garini, mafuta hayatufikishi tukitaka kukimbia. Hakuniuliza mara mbili. Alipiga filimbi, kijiji kizima kikaja, wanawake na wanaume, wakashusha magunia ya korosho waliyoyapandisha asubuhi kwa migongo yao, wakayalundika chini ya ukuta wa ghala na mvua inanukia. Waliacha safu moja tu, wakatandika majani na khanga juu yake, wakamlaza Rosa. Bibi Anjelina akapanda naye. Atanasi akaingia kwa mbele, kando yangu.

Hapo nilikuwa na jambo moja mkononi, mwanangu, na nataka ulione kama nilivyoliona. Kijiti kilikuwa kimeniambia hivi: ukienda mwendo wako wa siku zote, gari likiwa jepesi hivi, utafika hospitali na kubakiza. Ukienda mwendo ambao mwanamke huyu anauhitaji, huna uhakika. Siku nyingine yoyote ya miaka ya nyuma ningeinama nyuma ya gurudumu la akiba nikalikuta jibu limefungwa kwa mpira wa tyubu. Siku hiyo palikuwa na mpira peke yake, unaning'inia.

Tulipanda kutoka bondeni kwa gia ndogo, mchanga ukitushika. Nilikuwa bado naendesha kwa kubana. Tulipotoka kwenye mchanga, Atanasi akageuka.

"Kaka, hili gari haliwezi kwenda zaidi?"

"Linaweza."

"Sasa?"

"Mafuta, Atanasi. Nikikimbiza, yanaweza kukatika njiani."

"Yanaweza," akasema. "Na yanaweza yasikatike."

Nyuma Rosa alilia, sauti ikapita kwenye kidirisha cha nyuma, nene, kama ya mtu mzima wa kiume. Atanasi akapiga kiganja juu ya dashibodi.

"Kimbiza! Kimbiza kaka! Korosho umeziacha, wewe unabana nini?"

Nikakanyaga.

Lori likaruka. Na mara ile ile nikasikia ngumi juu ya paa la kichwa cha gari, ko, ko, ko, na sauti ya Bibi Anjelina: "Polepole! Wewe mtoto, polepole! Unamrusha! Unamrusha!" Nikapunguza. Atanasi akashika mkono wangu ulio kwenye gia, analia waziwazi, anasema kimbiza. Nikaongeza. Ngumi ikarudi, ko, ko, ko. Ndivyo tulivyokwenda. Kando yangu mume anasema mbio, juu yangu mkunga anasema polepole, na chini yangu tangi ambalo halikutosha kumtii yeyote kati yao. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Haohao wakasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Maneno yote mawili ni ya kweli, na siku hiyo yote mawili yalikuwa ndani ya gari moja.

Kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia: hakuna namna mbaya kuliko hiyo ya kutumia mafuta. Ningeamua mbio, ningekuwa na mbio. Ningeamua polepole, ningekuwa na hakika ya kufika. Mimi nilichoma mafuta ya mbio na kupata mwendo wa polepole. Yote aliyonifundisha Mzee Nalinga yalinitoka mguuni.

Tulipopita Nanguruwe barabara ilikuwa ngumu na nyororo kidogo. Ngumi juu ya paa ikakoma. Nikashukuru moyoni. Nikajua Bibi ameridhika na mwendo, nikakanyaga mpaka mwisho na sikuachia tena. Miti ikapita, vibanda vikapita, Atanasi akawa anasema "Haya, haya, haya" kwa sauti ndogo, kama mtu anayembembeleza ng'ombe avuke mto.

Pale Naliendele, kwenye mikorosho ya watafiti iliyopandwa kwa mistari, injini ilikohoa, ikashika, ikakohoa tena, ikanyamaza. Nililiacha lori lijiburure kwa nguvu iliyobaki mpaka liliposimama lenyewe. Mtu mwenye baiskeli angeumaliza umbali uliobaki bila kutoa jasho la maana.

Atanasi aliruka chini na kukimbia kuelekea mjini, hakuangalia nyuma. Mimi nilisimama barabarani kutafuta gari. Mkoa haukuwa na mafuta. Barabara ilikuwa nyeupe, tupu. Vibarua waliokuwa wakipalilia mikorosho walikuja, wakataka kumteremsha Rosa wambebe kwa turubai. Bibi Anjelina alikataa kwa kichwa tu, akavuta khanga. Sikupanda nyuma kutazama. Leo ningepanda.

Gari la kwanza kutokea lilikuwa la Mzee Nalinga, linatoka mjini kwenda Newala. Alikuwa amemkuta Atanasi njiani, amempakia. Aliligeuza gari, akalirudisha nyuma mpaka bodi kwa bodi, akapanda mwenyewe juu ya magunia. Nilimsikia akimsemesha Bibi Anjelina kwa Kimakonde, maneno mawili matatu. Aliposhuka alikuwa amevua kofia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Dumu?"

Alijua jibu. Wala hakuniuliza kwa kejeli; ilimtoka kwa mazoea, jinsi mtu anavyonyoosha mkono gizani mahali ambapo taa imekaa miaka yote.

Rosa alihamishiwa kwenye lori lake, tukafika hospitali. Muuguzi alimtazama, akamfunika. Mtoto pia alikuwa amekwenda. Muuguzi alituambia kwamba tumbo la uzazi lilipasuka kwa ndani, na kwamba likishapasuka, saa zilizobaki huwa chache mno. Atanasi akauliza lilipasuka lini. Muuguzi akasema hilo yeye hawezi kulijua, labda aliyekuwa naye. Sote tukamtazama Bibi Anjelina. Alikuwa amekaa sakafuni, amekunja miguu, anatazama viganja vyake.

Tuliwazika Kitaya, mama na mtoto kaburi moja. Zile korosho zilikuwa zimenyeshewa. Hakuna mtu wa kijiji kile aliyezitaja.

Usidhani niliadhibiwa. Hapana. Ijumaa iliyofuata Meneja alinipa pole mbele ya wote, akasema nilifanya kila lililowezekana kwa mafuta yaliyokuwapo. Mafuta yaliyokuwapo! Nilitaka mmoja wa wenzangu asimame anitukane. Walitazama chini. Baada ya kikao nikamfuata Meneja ofisini, nikamwambia habari yote ya dumu la njia, lilikuwa la nini na kwa nini halikuandikwa. Alinisikiliza vizuri. Akasema atalipeleka makao makuu. Huenda alilipeleka. Mgao haukubadilika mpaka nilipoacha kazi.

Lakini safari yangu iliyofuata, nikiwa narudi kutoka Msimbati, nilisimamisha lori kabla ya mji, nikainama chini ya bodi. Mpira ulikuwa palepale. Nilikuwa nimenunua dumu la mafuta ya kupikia, nimelikosha kwa majivu. Ijumaa hiyo jina langu lilisomwa la mwisho. Mwezi ule ule madumu mengine yakaanza kurudi, moja moja, bila mtu kuambiana kitu. Mimi sikuitwa tena Ngamia.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nimekuchosha na sikutaka uondoke bila neno la kushika.

Okoa mafuta. Sikukatazi. Mafuta ni jasho la watu, na dereva anayeyachoma kwa kuringia mwendo ni mpumbavu, na siku moja atakuwa muuaji. Gia mapema, mguu mwepesi, jicho mbali, upepo wa matairi uupime mwenyewe, usimwamini mtu. Lakini jiulize unayaokoa kwa ajili ya nani. Ukiyaokoa ili jina lako lisomwe, utayabana mpaka siku ya haja, nayo siku ya haja itakukuta huna. Akiba haiozi, ila akiba ambayo mtu mmoja anaitangaza kwa majivuno huwa kamba shingoni mwa wenzake. Ndiyo sababu nasema, wakubwa wako wakikuuliza njia inataka mafuta kiasi gani, waambie njia yote, pamoja na matope yake na wagonjwa wake, usiwaambie njia ya siku nzuri tu. Wao hawaioni. Wewe ndiye macho yao huko.

Na mwendo nao ni akiba. Usiutumie kwenda kuwahi chai. Utunze, uutumie siku inayoustahili, na siku hiyo ikifika amua mara moja. Ukiamua mbio, kimbia. Ukiamua polepole, nenda polepole, hata kama mtu analia kando yako. Kinachoua zaidi ni mguu usiojua unataka nini. Pia, anayejua hali ya mgonjwa aliye nyuma ni yule aliyekaa naye huko nyuma. Simama, shuka, muulize. Mimi sikusimama hata mara moja kuuliza.

Nenda sasa, gari lisikungoje. Mwenyezi Mungu akupe barabara kavu na macho makavu. Akupe abiria wanaoshuka kwa miguu yao wenyewe, na mwenzako wa kukugeuzia lori siku utakapokwama. Atakayekupokea nyumbani asikupokee kwa habari ya msiba. Amina.

Bibi Anjelina nilimwendea Kitaya mwaka uliofuata, kabla hajavuka kurudi kwao ng'ambo. Nilitaka kujua jambo moja: kwa nini aliacha kugonga paa tulipopita Nanguruwe, kama ni kwa sababu barabara ilikuwa nzuri, au kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kuombewa polepole. Maana kama ni la pili, basi mafuta hayakuwa na kosa, wala dumu, wala mimi. Na kama ni la kwanza, Rosa alikuwa hai mpaka Naliendele. Bibi alikuwa anapepeta mpunga. Alinitazama, akautikisa ungo.

"Mkono ulichoka," akasema.

Akaendelea kupepeta. Sikupata neno jingine kwake, na hakurudi tena upande huu.